Vijana na Mfongo: Somo Juu ya Kuwakabidhi Vijana Uongozi wa Kazi za Huduma

Ukitoka mjini Moshi asubuhi ukashika njia ya kupanda kuelekea Kibosho au Old Moshi, kitambo kidogo joto la tambarare hukuacha, na migomba na mibuni huanza kukuzunguka pande zote mbili. Simama hapo utege sikio. Mahali pengi utasikia maji yanayopita bila kuyaona. Maji hayo si ya mto. Ni ya mfongo, yaani mfereji uliochimbwa kwa mikono ya watu ili kuyatoa maji katika korongo huko juu na kuyapitisha ubavuni mwa mlima mpaka katika vihamba. Wasafiri waliofika huku katika karne ya 19 waliistaajabia mifereji hiyo, na mamia ya namna hiyo yamepata kuhesabiwa katika miteremko ya Kilimanjaro.

Katika somo hili tunataka kuufanya mfongo uwe mwalimu wetu katika jambo moja linalozihusu nyumba zetu, misikiti yetu na vijiji vyetu. Jambo lenyewe ni hili: je, kijana aitwe katika kazi ya kuwahudumia watu kama mikono tu, au aitwe pamoja na akili yake, chaguo lake na uongozi wake? Swali hili si dogo, kwani katika jibu lake umo mustakabali wa kila jumuiya.

1. Mfongo wafundisha nini?

Mifongo ya zamani haikuletwa na serikali. Wazee wa ukoo waliupima mteremko kwa macho na kwa kuyajaribu maji yenyewe. Mtoni waliweka ukingo wa mawe na magogo ya migomba, kisha wakaufuata ubavu wa mlima, ukono kwa ukono, mpaka maji yakafika walipotaka. Kila mwenye haki ya maji alikuwa na zamu yake. Na kila mwenye zamu alikuwa na wajibu wa kufika siku ya kuzibua na kutengeneza. Asiyefika aliweza kutozwa faini au kunyimwa maji. Hivyo haki na wajibu vilitembea pamoja, wala kimoja hakikumtangulia mwenzake.

Siku hizi mifongo mingi imekauka au imeachwa. Sababu ni nyingi. Maji ya bomba yamefika mahali pengi, mito imepungua, na vihamba vimegawanywa na kugawanywa tena mpaka havitoshi kumlisha kila mtoto wa nyumba. Kwa hiyo vijana wengi wameshuka mjini, au wamekwenda Arusha na Dar es Salaam kutafuta riziki. Haya yote ni kweli. Lakini tukijihoji kwa insafu tutaona kwamba iko sababu nyingine, nayo haitoki mbinguni wala sokoni. Mara nyingi kijana huitwa siku ya kuchimba, lakini haitwi siku ya kushauriana maji yapite wapi na yagawanywe vipi. Jembe amelipokea; mfongo wenyewe hakukabidhiwa. Basi tusistaajabu akiondoka bila kugeuka nyuma. Mtu hulinda alichoshiriki kukiamua, na hukiacha upesi alichokibeba kwa niaba ya mwingine.

Jambo hili si la mifongo tu. Tazama namna tunavyowaita vijana katika huduma. Mgeni mkubwa anakuja: vijana wafagie. Ukuta umechakaa: vijana wapake rangi. Kuna mkutano: vijana wabebe viti. Kazi hizo ni njema, na mwenye kuzifanya kwa ajili ya Mungu ana thawabu yake. Lakini kijana aliyefagia miaka 10 kwa kuagizwa, asiulizwe hata siku moja ni jirani gani ana shida, akifika umri wa utu uzima atakuwa fundi wa kufagia tu. Siku wazee watakapoondoka, nani ataijua shida ya jirani?

2. Kazi ya kuamrishwa na kazi ya kuchagua

Historia ya nchi yetu inatupa mifano miwili inayopasa kuwekwa kando kwa kando.

Mfano wa kwanza ni wa Uluguru. Kuanzia mwaka 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa milima ile kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kuhifadhi udongo ni jambo jema, na hakuna mkulima anayependa shamba lake literemke mtoni. Lakini watu hawakuulizwa, waliamrishwa. Chuki ikazidi, na mwaka 1955 zikazuka ghasia huko Matombo, na mpango wote ukavunjika. Nia ya kuokoa udongo ilishindwa kwa sababu iliwapita wenye udongo.

Mfano wa pili ni wa Kilimanjaro yenyewe. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa mlima huu waliunda chama chao ili kuilinda kahawa yao, wakati ambapo walowezi wengi hawakupenda kumwona Mwafrika akiilima. Mwaka 1933 mahali pake pakashikwa na Chama Kikuu cha Ushirika cha KNCU, ambacho jengo lake lajulikana na kila mkazi wa mji wa Moshi. Chama hicho kimepita katika heri na shari nyingi, lakini kilipata mizizi, kwa kuwa watu walijiona kuwa wenyewe wa jambo hilo.

Ndugu msomaji, mlima na mlima havikupishana sana. Udongo na udongo havikupishana sana. Kilichopishana ni nani aliyechagua. Na likiwa hivyo kwa watu wazima, kwa kijana ni zaidi, kwani moyo wake ungali unatafuta mahali pa kushika mizizi.

3. Mafundisho tunayoyapata katika Islam

Huenda msomaji aliye mgeni katika dini yetu akauliza: je, si adabu ya Kiislamu kwamba mdogo amtii mkubwa? Ndiyo, heshima kwa wakubwa ni sehemu ya dini. Lakini heshima hiyo haikuwa kamwe sababu ya kumfungia kijana mlango wa uongozi. Tazama mambo matatu.

La kwanza. Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w., kabla ya kupewa utume, alipokuwa kijana wa miaka kama 20, alihudhuria mapatano yaliyofanywa mjini Makka katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an, yaitwayo Hilful Fudhul. Watu waliahidiana kumsaidia kila aliyedhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni, mpaka arudishiwe haki yake. Baadaye, akiwa tayari ni Mtume, aliyakumbuka mapatano yale kwa furaha, akasema kwamba hata wakati huo angeitwa kwa jina la mapatano hayo angeitika. Hapo twajifunza kwamba huduma aliyoishika mtu ujanani kwa hiari yake humfuata maisha yote. Tena twajifunza kwamba kijana wa Kiislamu aweza kushirikiana na wasio wa dini yake katika kutetea haki, maana wale walioahidiana siku ile hawakuwa Waislamu.

La pili. Mwaka wa tatu wa Hijra, maadui wa Makka walipoijia Madina, Mtume Mtukufu s.a.w. alifanya shauri na masahaba. Rai yake mwenyewe ilikuwa wabaki ndani ya mji. Lakini wengi, na hasa vijana ambao hawakuwapo Badr, walitaka kutoka kumkabili adui nje. Naye akaifuata rai yao. Katika vita hivyo vya Uhud Waislamu walipata msiba mkubwa, baada ya wapiga mishale kuacha mahali walipowekwa. Sasa angalia yaliyofuata. Je, Mungu aliamuru kwamba tangu siku hiyo vijana wasiulizwe tena? Sivyo. Katika Sura Aali Imran, mahali panapozungumza habari za vita hivyo, Mtume s.a.w. anaagizwa awasamehe, awaombee msamaha, na azidi kushauriana nao. Mashauriano hayakufutwa na kosa. Yalithibitishwa baada ya kosa. Mzee anayesema, "Niliwaachia mara moja wakaharibu, siwaachii tena," na aisome sura hiyo kwa makini.

La tatu. Katika siku za mwisho za uhai wake, Mtume Mtukufu s.a.w. alimweka Usama bin Zaid r.a., kijana wa karibu miaka 20 tu, kuwa mkuu wa jeshi ambalo ndani yake walikuwamo masahaba wakubwa. Wengine walinung'unika kwa ajili ya umri wake, lakini Mtume s.a.w. alimtetea. Baada ya kufariki kwake, mwaka 632, Khalifa wake Hadhrat Abubakar r.a. alilitoa jeshi lile chini ya kijana yule yule. Alimsindikiza akitembea kwa miguu, hali Usama amepanda mnyama wake. Usama aliona haya, akamsihi Khalifa naye apande, ama yeye ashuke, Abubakar r.a. akakataa yote mawili. Kisha Khalifa akamwomba Usama ruhusa ya kumbakiza Umar r.a. Madina, kwa kuwa alimhitaji. Tafakari hapo, ndugu yangu. Mkuu wa umma mzima anamwomba ruhusa kijana aliyemteua, kwa sababu ameshamkabidhi jambo na hataki kumnyang'anya mbele ya watu. Na mzee yule hakurudi nyumbani kulala. Alitembea ubavuni mwake. Hizo ndizo sehemu mbili za malezi: kukabidhi kweli kweli, na kuwa karibu.

4. Mifano ya zama zetu

Katika Jumuiya yetu, Hadhrat Mirza Bashiruddin Mahmud Ahmad, Khalifatul Masih wa Pili r.a., alianzisha chama cha vijana, Majlis Khuddamul Ahmadiyya, mwaka 1938. Vijana wa umri wa miaka 15 mpaka 40 waliwekewa chama chao wenyewe chenye viongozi kutoka miongoni mwao. Moja ya kazi zao kubwa ilikuwa kufanya kazi za mikono kwa manufaa ya watu wote, kama kutengeneza barabara na kufukia mashimo, ili asiwepo mtu wa kuona haya kushika jembe. Yeye mwenyewe alishiriki katika kazi hizo akibeba udongo. Wala jambo hilo halikuwa geni kwake, kwani mwaka 1906, akiwa na miaka 17 tu, alikuwa tayari akiliongoza jarida la vijana alilolianzisha huko Qadian.

Mfano wa pili umetoka hapa hapa Tanzania, kwa mtu asiye wa dini yetu, nasi hatuna budi kuupokea wema popote tunapouona. Bibi Jane Goodall alifika Gombe, mkoani Kigoma, mwaka 1960 kuchunguza maisha ya sokwe, akajulikana duniani kote. Mwaka 1991 kikundi kidogo cha wanafunzi wa sekondari kilimjia nyumbani kwake Dar es Salaam, wakaketi barazani wakamweleza mambo yaliyowachoma mioyo, kama uvuvi wa baruti unaovunja matumbawe, na ujangili katika mbuga. Hakuwapa orodha ya kazi. Aliwatia moyo warudi shuleni kwao, wawakusanye wenzao, na wachague wenyewe la kufanya. Ndipo vikaanza vikundi vinavyoitwa Roots & Shoots, maana yake Mizizi na Chipukizi. Mwaka 2025, alipofariki akiwa na miaka 91, vikundi hivyo vilikuwa vimeenea katika nchi zaidi ya 60.

Kanuni ya vikundi hivyo ni nyepesi, nayo ndiyo siri ya kudumu kwake. Vijana huanza kwa kupita mahali pao na kuchora ramani ya mambo wanayoyaona. Huangalia pande tatu: shida za watu, hali ya wanyama, na hali ya mazingira. Kisha huchagua jambo moja wanaloliweza, hulitenda, na mwisho huketi pamoja kuangalia wamefanikiwa wapi na wameshindwa wapi. Mtu mzima yupo, lakini kazi yake ni kusaidia, si kutawala.

5. Namna ya kuanza kijijini

Sasa tushuke kutoka katika maelezo tuingie katika vitendo. Tuseme mko vijana 10 katika kijiji kimoja juu ya Moshi, na wazee wa msikiti wamekubali kuwakabidhi kazi ya huduma kwa muda wa miezi mitatu. Wazee walikuwa na fikira yao tayari: ua la msikiti lipakwe rangi.

Kwanza, tembeeni. Msikae chumbani mkabuni shida. Piteni njia zote za kijiji, wawili wawili, mkiwa na daftari. Andikeni chemchemi ziko wapi, daraja lipi limeoza, nyumba ipi ina wazee peke yao, watoto wapi wanakwenda mbali kuteka maji. Waulizeni na dada zenu, maana wao ndio wanaoyajua maji kwa uzito wake kichwani. Wasichana nao wawe na kikundi chao na uongozi wao, nao wachague la kwao. Mengi wanayoyaona wao hayaonekani na kaka zao.

Pili, chagueni. Huenda katika kutembea huko mkakuta jambo lisilokuwamo katika fikira za wazee. Mathalani, mmekuta mabibi watatu wanaoishi peke yao, ambao watoto wao wamo mijini. Kila mmoja ana ng'ombe mmoja bandani, kama ilivyo desturi ya mlimani, na ng'ombe huyo ndiye maziwa yake na mbolea ya migomba yake. Lakini majani ya ng'ombe yanatoka mbali, mengine huletwa toka tambarare, na mgongo wa bibi hauwezi tena. Ninyi mnasema: "Tutawakatia na kuwaletea majani mara mbili kila wiki." Wazee wanasema: "Na ua la msikiti?" Hapa ndipo mtihani wa wazee ulipo. Wakisema, "Fanyeni kwanza letu," basi hawakukabidhi kitu. Wakisema, "Ua litangojea; nendeni," wamewafundisha vijana hao kwamba sala na jirani havitengani.

Tatu, waulizeni wanaohudumiwa. Msimjie bibi na majani kwa shangwe na nyimbo, mkamfanya aonekane fukara mbele ya kijiji. Nendeni kwa adabu, mketi, mseme, "Shikamoo bibi, sisi ni wajukuu zako wa kijiji hiki, je, ungependa tukusaidie hili?" Akipendelea jambo jingine, sikilizeni. Na bibi huyo akiwa Mlutheri au Mkatoliki, kama walivyo majirani wengi wa mlima huu, huduma yenu isibadilike hata kidogo, wala msiifanye kuwa chambo. Anayetoa maji kwa mfongo wake haulizi dini ya mgomba. Mkitenda wema ili mtu aingie dini, mmeuza wema huo. Mkiutenda kwa ajili ya Mungu, umebaki wema.

Nne, wekeni mpango mdogo wenye mwisho. Andikeni nani anakwenda siku gani, na nani anashika zamu ya mgonjwa. Kazi ndogo iliyotimizwa hulea kikundi. Kazi kubwa iliyoachwa katikati hukiua.

Tano, shikeni fedha kwa amana. Hata kama ni michango midogo ya kununua kamba na miundu, wawili waishike pamoja, kila senti iandikwe, na daftari liwe wazi kwa yeyote. Kijana aliyefunzwa kutoa hesabu ya shilingi 5,000 bila kuficha, kesho ataaminiwa hesabu ya ushirika.

Sita, toeni taarifa. Miezi mitatu ikiisha, simameni mbele ya jamaa zenu mseme: tulikusudia hili, tumefanya hili, tumeshindwa hili. Mwenye kusoma taarifa awe kijana mwenyewe, si mzee kwa niaba yake.

6. Mipaka ya mambo

Kumwachia kijana uongozi si kumtupa. Yako mambo ambayo mkubwa hana ruhusa ya kuyafumbia macho.

Jambo la kwanza ni hatari ya mwili. Oktoba 2020 moto ulipowaka juu ya Kilimanjaro, mamia ya watu, wakiwamo wanakijiji, walipanda kusaidia kuuzima. Huo ulikuwa ushujaa. Lakini katika moto, maji mengi au umeme, vijana hufuata walio na ujuzi na mamlaka, wala hawajiongozi wenyewe.

Jambo la pili ni sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka chanzo cha maji. Na msitu wa juu ya vijiji uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, hivyo hauingiwi ovyo hata kwa nia ya kupanda miti. Vijana wanaotaka kuhifadhi chemchemi waelekezwe kwenye ofisi ya kijiji na kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo makao yake yako Moshi. Lakini waelekezwe tu. Mlango waubishe wenyewe. Kujua kuzungumza na ofisi ni sehemu ya kulelewa.

Jambo la tatu ni heshima na usalama wa watoto na wanyonge. Hapo mkubwa awe macho daima.

Nje ya mipaka hiyo, mzee na azuie ulimi wake. Badala ya kuamuru, aulize. Akiona vijana wanataka kupanda miche Januari, jua likiwa kali, asiseme, "Mnakosea." Aseme, "Wanangu, masika huanza lini? Nani atamwagilia mpaka wakati huo?" Swali moja jema hufundisha kuliko amri kumi, kwa kuwa jibu linatoka katika kichwa cha kijana, nalo huwa lake.

7. Na wakikosea?

Watakosea, ndugu msomaji, tuseme kweli. Huenda wasisikie swali la mzee, wakapanda Januari, na nusu ya miche ikafa. Huenda wakagombana juu ya zamu. Huenda wiki moja majani yasifike kwa bibi, na ng'ombe akalala njaa. Hili la mwisho lauma, kwa kuwa aliyeumia si wao. Basi na waende wenyewe wakamwombe radhi bibi huyo, wasitumwe wala wasiombewe.

Wachagga wana desturi ya jani la isale. Aliyekosa humpelekea aliyekosewa jani hilo, na ni aibu kubwa kulipokea jani kisha kukataa kusamehe. Desturi hiyo inatufundisha kwamba kosa lina njia ya kurudi. Jumuiya isiyo na njia ya kurudi hufundisha vijana mambo mawili tu: kutothubutu, au kuficha. Yote mawili ni maradhi.

Na anayesema kwamba vijana ni wadogo mno, na ainue macho autazame mlima wenyewe. Usiku wa uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, bendera na mwenge vilipowekwa kileleni mwa Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya bahari, aliyekabidhiwa kazi hiyo alikuwa Luteni Alexander Nyirenda, kijana wa miaka 25. Taifa zima lilimwekea mwenge wake mkononi. Je, sisi tutashindwa kumwekea kijana wetu daftari na miundu?

8. Mwisho wa somo

Nasi tunasema nawe hasa, wewe uliyeingia katika dini karibuni, au ungali ukichunguza. Pengine wewe ni kijana, na nyumbani kwenu uko peke yako katika imani hii. Usingoje kuitwa. Huduma si cheo kinachotolewa. Ni shida ya jirani unayoiona leo asubuhi ukielekea kazini. Watafute wenzako wawili, chagueni jambo moja, kisha mwendeni mzee mmoja mnayemheshimu mkamwombe atembee ubavuni mwenu. Na wewe uliye mzee, siku vijana watakapokujia na fikira isiyo yako, kumbuka Abubakar r.a. akitembea kwa miguu.

Mfongo ukizibuliwa na watu wanaouita "wetu", maji hufika mpaka kihamba cha mwisho. Ukizibuliwa na watu wa kuagizwa, huziba mara mwenye kuagiza anapoondoka. Na sote, vijana kwa wazee, tutaondoka. Mwenyezi Mungu atujaalie kuacha nyuma yetu walinzi wa mfongo, si wachimbaji tu. Amin.

Maswali ya kujipima

1. Katika mwaka uliopita, ni kazi gani ya huduma mahali pako iliyochaguliwa na vijana wenyewe?

2. Baada ya msiba wa Uhud, Mtume Mtukufu s.a.w. aliagizwa nini juu ya wale alioshauriana nao? Hilo lina maana gani kwetu?

3. Eleza tofauti kati ya mzee anayekabidhi na kutembea ubavuni, na mzee anayekabidhi na kuondoka.

4. Tembea kijijini au mtaani kwako kwa saa moja. Andika shida tatu ulizoziona, na useme ni ipi kati yake wewe na wenzako mnaiweza.